Rezista zisizoyumba na joto: zipi zinastahili hela yako

Ingia duka lolote la spea za elektroniki, Kariakoo au Luthuli Avenue, uombe rezista ya 10k. Utaulizwa wati ngapi, na mara mojamoja utaulizwa asilimia ngapi. Ppm, yaani kipimo cha rezista inavyohama joto likibadilika, hakuna anayeuliza. Kwa redio, taa ya LED au chaja ya simu hilo halina neno. Kwa mizani, kipimajoto, mita ya betri ya sola au kifaa kingine chochote kinachopima na kutoa namba, ppm ndiyo inayoamua kama namba ya saa moja asubuhi itaelewana na ya saa nane mchana.

Hapa tunazipitia aina zinazopatikana madukani na mtandaoni, kuanzia zile zinazouzwa kwa mkanda mzima hadi zile zinazouzwa moja moja kwa makumi ya dola. Msimamo wetu tuuseme mapema: mara nyingi kinachotakiwa si rezista isiyoyumba kabisa, bali rezista mbili zinazoyumba pamoja. Anayelijua hilo hutumia hela kidogo na kifaa chake kikatulia kuliko cha aliyenunua rezista moja ya bei mbaya akaiweka karibu na nyingine ya hovyo.

Kwanza tuelewane kuhusu namba. Ppm ni sehemu kwa milioni. Rezista ya 10k yenye ±100 ppm kwa digrii inaweza kuhama kwa omu 1 kila joto likibadilika digrii moja ya Selsiasi. Boksi la chuma likipigwa na jua hadi ndani pakafika digrii 60, rezista hiyo iliyokuwa kwenye 25 imeshahama hadi omu 35, yaani asilimia 0.35. Hii ni tofauti kabisa na ile 1% ya kwenye pakiti. Ile 1% inaeleza rezista ilivyotoka kiwandani, ikiwa imetulia kwenye joto la kawaida. Kosa la namna hiyo unalifuta siku ya kwanza kwa trima (rezista ndogo ya kurekebishwa kwa bisibisi) au kwa namba moja kwenye programu, basi. Kosa la joto halifutiki hivyo, kwa kuwa kesho litakuwa na ukubwa mwingine. Kwa hiyo rezista ya 1% yenye 25 ppm inaweza kuwa bora kwako kuliko ya 0.5% yenye 100 ppm, hata kama muuzaji atakuapia vinginevyo.

Filamu ya kaboni

Ni zile zenye mwili wa rangi ya krimu na mkanda wa dhahabu mwishoni, 5%. Ukinzani wake hushuka joto linapopanda, na hushuka kwa mamia ya ppm: kwenye thamani ndogo tegemea kama −150 hadi −400, na ukisogea kuelekea megaomu inaweza kukaribia −1000. Hazina ubaya kwenye LED, kwenye besi ya transista au kuivutia pini ya mikrokontrola kwenye volti 5. Kwenye kigawanya volti cha kupimia, yaani rezista mbili mfululizo zinazoshusha volti kwa uwiano wake, ziache. Zile za zamani za kaboni iliyoshindiliwa, unazozikuta kwenye redio za valvu, ni mbaya zaidi: hunywa unyevu wa hewa na thamani yake hupanda zenyewe zikiwa zimekaa tu kabatini.

Filamu ya metali

Hii ndiyo ile ya buluu, 1%, ambayo siku hizi karibu kila duka inayo. Kwa bei yake hakuna kinachoishinda. Yageo MFR-25 huuzwa ikiwa na ±50 au ±100 ppm kutegemea herufi za namba yake ya oda. Vishay MRS25 ni ±50. Familia ya RN55 na CMF55 za Vishay Dale ina utaratibu mzuri unaofaa kukaririwa: herufi D baada ya RN55 maana yake ±100, C ni ±50, E ni ±25. Ukikuta RN55E kwenye bodi kuukuu ya kifaa cha maabara, itoe na uitunze.

Tatizo la rezista za buluu ni zile pakiti zisizo na jina, thamani 30 na vipande 20 vya kila moja, zimeandikwa "metal film 1%" na hakuna zaidi. Asilimia yake kwa kawaida ni ya kweli. Ppm hakuna anayeijua, hata aliyezifunga. Nyingi ni nzuri, lakini usizitie kwenye kazi ya kupima kabla ya kuzijaribu kwa njia iliyoelezwa chini.

Zenye mikanda sita ya rangi hukuambia zenyewe. Mkanda wa sita ndio ppm: kahawia 100, nyekundu 50, manjano 25, chungwa 15, buluu 10, zambarau 5. Tazama vizuri hapo kwenye chungwa na manjano, maana mfuatano wa kawaida wa rangi umepinduka: chungwa ndiyo bora kati ya hizo mbili. Mwenye mazoea ya kuhesabu 2, 3, 4 hukosea hapa kila siku.

Chipu za filamu nene

Rezista nyeusi ndogo za SMD (zisizo na miguu, za kulehemiwa juu ya bodi) zilizojaa kwenye kila bodi unayoifungua, kama Yageo RC na Vishay CRCW. Zile za 1% ni ±100 ppm, na chini ya omu 10 zinakuwa ±200. Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa zimetoka kwenye roli moja na kiwanda kimoja, zitafuatana kwa joto. Zitafuatana ikiwa zote ni thamani moja. Lakini 1k na 100k za filamu nene hutengenezwa kwa uji tofauti wa oksidi, kila kundi la thamani na uji wake, na mmoja unaweza kupanda huku mwingine ukishuka. Kigawanya volti cha 100k kwa 1k cha filamu nene ni bahati nasibu ya hadi ppm 200. Ukilazimika kuzitumia, jenga thamani kubwa kwa kuunga kadhaa za thamani moja: kumi za 10k mfululizo dhidi ya moja ya 10k ni kigawanya cha 11 kwa 1 kinachotulia ajabu, na kinachukua nafasi ya ukucha.

Chipu za filamu nyembamba

Hapa ndipo hela yako inapofanya kazi. Kwa nje huwezi kuzitofautisha na za filamu nene, ila ndani ni utando mwembamba wa aloi ya nikeli na kromiamu au nitridi ya tantalamu uliochongwa kwa leza. 0.1% na ±25 ppm ni kitu cha kawaida, na ukinunua chache hazifiki dola moja kila moja. Namba za oda ndizo zinazokuambia ukweli, kwa hiyo zisome kabla ya kulipa:

Panasonic ERA6AEB103V: 6 ni umbo la 0805, E ni ±25 ppm, B ni 0.1%, 103 ni 10k. Ukiona R mahali pa E, ni ±10 ppm.

Yageo RT0805BRD0710KL: B ya mwanzo ni 0.1%, na D ndiyo ±25 ppm. C mahali pake ni ±15, B ni ±10.

Susumu RG2012P-103-B-T5: P ni ±25, N ni ±10, V ni ±5. Jihadhari na umbo. Susumu hutaja milimita, kwa hiyo 2012 yao ni 0805 ya wengine, na 1608 ni 0603.

Ukiniuliza nichague moja, nitachukua Susumu RG yenye N kwa kazi ya kupima na Panasonic ERA yenye E kwa kila kitu kingine. Udhaifu wa filamu nyembamba ni unyevu, na kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja jambo hili si dogo. Utando wa nikeli na kromiamu ukiwa na volti ya DC kwa muda mrefu, mkondo mdogo usioweza kuikausha rezista, na maji yaliyopenya kwenye mpako wake, huliwa taratibu hadi unakatika kabisa. Kifaa hakionyeshi dalili. Siku moja tu kinasoma upuuzi. Nitridi ya tantalamu huvumilia zaidi kwa sababu hujifunika yenyewe kwa oksidi. Kwa pwani, ama tafuta ya tantalamu, ama safisha bodi kisha uipake vanishi ya bodi.

Rezista nne kwenye kifurushi kimoja

LT5400, ambayo sasa iko chini ya Analog Devices, ni kifurushi kidogo chenye rezista nne zilizokaa kwenye kipande kimoja. Kila moja peke yake inayumba kama nyingine za filamu nyembamba. Tofauti kati yao ndiyo iliyo ndogo: kwa kawaida 0.2 ppm kwa digrii, na usawa wa 0.01% kwa daraja A. LT5400-1 ni 10k nne, -2 ni 100k nne, -3 ni jozi ya 10k na jozi ya 100k. Kwa amplifaya inayopima tofauti ya nyaya mbili, hiki ndicho cha kununua. Hesabu yake ni rahisi: amplifaya ya namna hiyo yenye ukuzaji wa 1 ikijengwa kwa rezista nne za 1%, kwenye hali mbaya kabisa hukataa kelele ya pamoja (ile inayoingia sawa kwenye nyaya zote mbili) kwa desibeli 34 tu. Kwa 0.1% inafika 54. Unaweza kuitrimu asubuhi ikafika 90, lakini rezista zisipofuatana, mchana itakuwa imerudi ilikotoka. Ni ghali kwa macho ya mtu aliyezoea rezista za buluu. Lakini chipu nne za 0.1%, trima, na nusu saa ya kuzungusha bisibisi navyo vina bei.

Foili

Vishay ilianzishwa mwaka 1962 na Felix Zandman kwa ajili ya bidhaa hii hasa. Karatasi nyembamba ya aloi hugandishwa juu ya kauri. Aloi ikipata joto ukinzani wake hupanda. Lakini kauri haitanuki kama aloi, kwa hiyo huibana, na kule kubanwa hushusha ukinzani kwa kiasi karibu kilekile. Kinachobaki, kwenye aina ya Z-foil, ni kama ±0.2 ppm kwa digrii. Mara mia na zaidi chini ya Yageo nzuri, na bei ndiyo hiyo, makumi ya dola kwa moja.

Ni bidhaa safi isiyo na kasoro ya kusema. Kasoro iko kwa mnunuzi. Njia ya shaba kwenye bodi ya kawaida, upana milimita 0.5 na urefu milimita 10, ina takriban miliomu 10. Shaba hupanda kwa ppm 3,930 kila digrii. Weka njia hiyo kwenye mfululizo na foili ya omu 10 na umeongeza karibu ppm 4 kwa digrii, mara ishirini ya yumba la rezista yenyewe. Nunua foili ikiwa unajenga rejea ya volti ya maabara au unatengeneza kipimo cha kupimia vipimo vingine, na ikiwa unajua kuunganisha waya nne, mbili za mkondo na mbili za kusomea. Kwa mita ya betri ya nyumbani ni hela iliyozikwa.

Mfano wa betri ya sola

Chukua chaji kontrola ya volti 12 inayosoma betri kupitia 100k juu na 10k chini. Betri ya asidi inatakiwa ikatiwe chaji kwenye 14.4. Fundi alikosa 100k ya buluu akaweka ya kaboni yenye −400 ppm. Ya chini ni ya metali, +50. Tofauti ni ppm 450. Boksi likipanda kutoka digrii 25 hadi 60, uwiano umehama kwa takriban asilimia 1.4, sawa na volti 0.2. Kwa kuwa iliyoshuka ni ya juu, kontrola inaona volti nyingi kuliko zilizopo, na inakata chaji kwenye 14.2. Betri haijai, na mwenye nyumba analaumu paneli. Ukigeuza, kaboni ikawa chini, kontrola itaipeleka betri hadi 14.6 kwenye joto kali, wakati ambapo betri inahitaji volti pungufu, si za ziada. Maji yatageuka gesi na kuisha.

Weka rezista mbili za metali za ±50, hata zikienda pande tofauti kabisa: kosa linashuka hadi milivolti 46. Zikitoka mkanda mmoja wa kiwanda kimoja, tofauti yao mara nyingi haizidi ppm 20, na kosa ni milivolti 9 hivi. Kwenye kazi hii hakuna sababu ya kwenda mbali zaidi. Kwanza angalia rejea ya volti, ile chipu inayotoa volti ya kulinganishia: LM4040 ya kawaida inaruhusiwa kuyumba hadi ppm 100 kwa digrii, na hiyo peke yake ni milivolti 50 kwenye mfano huuhuu. Kuweka Susumu ya ppm 5 mbele ya LM4040 ni kununua kufuli la benki kwa mlango wa makuti.

Kosa hilohilo huonekana kwenye amplifaya za vihisi. INA128 huwekewa ukuzaji kwa rezista moja ya nje, na fomula yake ni 1 jumlisha 50k gawanya kwa rezista hiyo. Ile 50k iko ndani ya chipu na datashiti inaipa ±25 ppm kwa kawaida, ±100 kwa kikomo. Rezista yako ya nje ikiwa ±10 umefanya vya kutosha. Ya ±1 haitaonekana popote. Na kwa NE555, ile chipu ya kutoa mapigo, inayohama masafa kwa joto, kabla ya kuibadilisha rezista itazame kapasita. Kauri ya X7R inaruhusiwa kubadilika kwa asilimia 15 kwenye masafa yake ya joto, Y5V hadi asilimia 80 na zaidi. Weka C0G, ambayo ni ±30 ppm, ndipo urudi kuzungumzia rezista.

Kwa anayetumia ADC, yaani saketi inayogeuza volti kuwa namba, kuna kipimo kingine cha haraka. Hatua moja ya ADC ya biti 10 ni karibu ppm 977. Kama kifaa kitapitia digrii 40, rezista mbili zikitofautiana kwa ppm 24 umepoteza hatua moja. Kwa biti 12 ni ppm 6. Kwa biti 16 ni ppm 0.4, na hapo unaongelea LT5400 au foili, hakuna njia ya katikati.

Jinsi ya kuzipima mwenyewe

Huhitaji maabara. Kinachotakiwa ni chanzo cha volti 10 kilichotulia, rezista nne za 10k, maji ya moto, kipimajoto na mita ya bei rahisi yenye masafa ya milivolti 200, hata DT830 inatosha kwa kuwa inasoma hadi milivolti 0.1.

Funga rezista nne kuwa daraja: mbili mfululizo upande wa kushoto, mbili mfululizo upande wa kulia, zote zikilishwa volti 10, na mita kati ya maungio mawili ya katikati. Tatu zifunike kwa kitambaa zisipigwe na upepo wa feni. Ya nne, ile ya chini upande mmoja, iungie nyaya za urefu wa nusu mita ili uweze kuizamisha. Mkia chanya wa mita uwe upande wake. Soma mita na uandike. Rezista za 1% zitakupa makumi ya milivolti hata kabla ya kuanza, na hiyo si kosa, ni sifuri yako.

Tia rezista inayojaribiwa ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, toa hewa, funga mdomo na uuache juu ya maji. Andaa maji yenye joto la digrii 40 juu ya joto la chumba: chumba kikiwa 28, maji yawe 68. Zamisha, subiri mita itulie, kama dakika mbili au tatu, usome tena. Kila milivolti 1 iliyoongezeka au kupungua ni ppm 10 kwa digrii. Ikipanda ni chanya, ikishuka ni hasi. Rezista ya kaboni itakurusha milivolti 30 au 40 chini. Ya buluu nzuri itakupa 2 hadi 5. Ya filamu nyembamba ya ±25 haitazidi 2.5. Ukitumia betri ya volti 9 badala ya 10, milivolti 0.9 ndiyo ppm 10.

Mambo matatu huharibu jaribio hili. La kwanza ni maji kuingia mfukoni. Tone moja likigusa miguu yote miwili linakuwa rezista nyingine sambamba, na mita itaruka kwa makumi ya milivolti kwenda hasi. Ukiona namba isiyo na akili, kausha kwanza. La pili ni volti 10 kuyumba: sifuri yako ikiwa milivolti 50 na chanzo kikashuka asilimia 1, umeshapata milivolti 0.5 ya uongo. Irudishe rezista kwenye joto la chumba ukimaliza. Isiporudi kwenye namba ya mwanzo, rudia. La tatu ni kutumia 100k badala ya 10k. DT830 ina megaomu 1 tu mdomoni na itakula karibu asilimia 9 ya jibu, ilhali kwa 10k inakula asilimia 1.

Ukitafuta jozi, usihangaike na ppm ya kila moja. Zamisha mbili kwa pamoja, ya juu na ya chini za upande mmoja, kwenye mfuko mmoja. Mita isipotikisika, umepata jozi, hata kama kila moja peke yake ni mbovu.

Kuzifunga kwenye bodi

Rezista nzuri huharibiwa na fundi kuliko inavyoharibiwa na jua. Zile za miguu ziachie angalau milimita 5 kati ya mwili na lehemu, na usikae na chuma zaidi ya sekunde tatu. Joto la kulehemu huacha mhamo wa kudumu, kwa hiyo usirekebishe usomaji siku hiyohiyo. Acha bodi ikae hadi kesho.

Jozi ya kigawanya ikae bega kwa bega, mbali na regyuleta. 7805 inayoshusha volti 12 hadi 5 kwa ampea 0.2 inatoa wati 1.4, na iliyo karibu nayo itapata joto tofauti na iliyo mbali. Hapo kufuatana kwao hakukusaidii kitu. Rezista pia hujipasha zenyewe. MRS25 hupanda karibu digrii 150 kwa kila wati, kwa hiyo wati 0.1 tu ni digrii 15. Ukiwa na 10k juu na 1k chini, ya juu inachukua karibu joto lote na ya chini inabaki baridi. Kwa usahihi, usivuke sehemu ya kumi ya wati zilizoandikwa.

Kwenye saketi za milivolti usiisimamishe rezista wima ili kuokoa nafasi. Ncha ya juu na ya chini zitakuwa na joto tofauti, na maungio ya aloi na shaba yatatoa mikrovolti kadhaa kwa kila digrii ya tofauti hiyo. Ukikuza mara 500, mikrovolti 10 ni milivolti 5.

Trima ni muhimu lakini ipewe kazi ndogo. Bourns 3296 ni ±100 ppm. Ukiweka trima ya 10k ifanye kazi yote, mzunguko wako ni wa ppm 100 haidhuru umenunua nini pembeni. Ukiweka ya omu 500 kwenye mfululizo na 10k, mchango wake hauzidi ppm 5.

Uchafu wa lehemu uoshe kwa spiriti ya isopropili, hasa kwenye thamani za 100k kwenda juu, maana uchafu ukinywa unyevu wa usiku unapitisha umeme wenyewe. Na usizibe bodi kwa silikoni ya madirisha inayonuka siki. Asidi yake hula shaba na utando wa rezista pia.

Shanti za kupimia ampea

Shanti ni rezista ndogo sana inayopitisha mkondo wote, nawe unasoma volti kati ya ncha zake. Hapa sheria ya kufuatana haipo, kwa sababu shanti haina mwenzake. Inabidi iwe imara yenyewe. Nunua ya manganini, aloi ya shaba, manganizi na nikeli kidogo, ambayo kwenye joto la kawaida hukaa ndani ya makumi machache ya ppm. Zile za shaba nyeupe za 75 mV zenye skrubu nne zinafaa, mradi ziwe za manganini kweli. Konstantani nayo haiyumbi sana, lakini ikikutana na shaba hutoa karibu mikrovolti 40 kwa digrii, na kwenye shanti ya milivolti 75 hilo linaonekana. Rezista nyeupe za mraba za wati 5 si shanti; tegemea ppm 300 hivi. Kipande cha waya wa shaba au njia ya bodi ndiyo mbaya kuliko zote: kwa digrii 40 kimehama karibu asilimia 16.

Kwa SMD, Vishay WSL ya 2512 ni ±75 ppm kuanzia miliomu 7, na chini ya hapo inazidi kuwa mbaya kwa sababu ncha za shaba zinachukua sehemu kubwa ya ukinzani wote. Ukitaka miliomu 1, chukua yenye ncha nne. Na hata hiyo, waya wa kusomea utoe kwenye ncha zake za ndani, si kwenye njia ya bodi inayobeba ampea. Miliomu 0.1 ya shaba na lehemu ikiingia kati ya sehemu unazosomea, kwenye shanti ya miliomu 1 inaongeza ppm 390 kwa digrii. Lehemu iliyorundikwa kidogo upande mmoja inatosha kuileta.